Wastani wa upigaji katika besiboli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu .300 na ugumu wa kuilinda

Kila kiangazi wageni wakija kwetu Minneapolis hukuta runinga iko kwenye mechi ya Twins, timu yetu ya besiboli, na maswali huwa ni yaleyale. Hizo tarakimu tatu zenye nukta mbele ni nini? Kwa nini mtangazaji anasikitika mtu akishuka kutoka .301 hadi .299? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, sasa nayaandika. Mifano mingi inatoka kwenye timu ya hapa, kwa sababu ndiyo niliyoizoea, na kwa sababu ina wapigaji kadhaa ambao kila mmoja aliulinda au aliupoteza wastani wake kwa namna yake.

Wastani wa upigaji ni nini hasa?

Chukua hiti alizopata mpigaji, gawa kwa zamu zake za kupiga zinazohesabiwa. Hiti 150 katika zamu 500 ni .300. Wenyewe huisoma "mia tatu", na kila sehemu moja ya elfu huiita pointi, kwa hiyo .300 na .290 zimeachana pointi kumi.

Hiti ni pale mpigaji anapougonga mpira ndani ya uwanja na kufika besi, yaani kituo cha kukimbilia, salama kwa mpigo wake mwenyewe. Mlinzi akiwa na mpira mkononi ukamponyoka, mpigaji atasimama besi ya kwanza kama kawaida, lakini kitabuni ameandikiwa kwamba ameshindwa. Zipo pia zamu zisizoingia kwenye hesabu kabisa: mrushaji akirusha mipira minne mibaya na mpigaji akapewa besi ya bure, mpigaji akigongwa mwilini na mpira, au akijitoa mhanga ili mwenzake asogee besi ya mbele.

Namba gani ni nzuri?

Mwaka 2024 wastani wa wapigaji wote wa ligi kuu ya Marekani ulikuwa .243. Anayepiga .270 leo ni mpigaji mzuri. Anayefika .300 anaheshimiwa, na mwenye .330 huwa anagombea ubingwa wa upigaji, yaani wastani wa juu kuliko wote katika ligi yake. Ukikaa chini ya .200 kwa muda mrefu, anza kufungasha, labda uwe mdakaji hodari (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji) au mpigaji wa homrani nyingi sana (hiti zinazovusha mpira nje ya uzio wa uwanja).

Mtu anashindwa mara saba kati ya kumi, kisha mnamwita bora?

Swali hili ndilo la kwanza kwa kila mgeni, na sioni kosa kuliuliza. Tazama kazi yenyewe. Kutoka mahali anaposimama mrushaji hadi besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44, ila mrushaji hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuuachia mpira, kwa hiyo umbali unaobaki ni kama mita 16 na nusu. Mpira wa kilomita 153 kwa saa unaumaliza kwa takriban sekunde 0.4. Humo ndani mpigaji anatakiwa auone, atambue kama umenyooka au utapinda, aamue kupiga au kuuacha, kisha alizungushe gongo. Gongo ni la mviringo, na mpira nao ni wa mviringo. Ukiukosea kidogo tu kwa juu, unajibamiza chini na kumwendea mlinzi. Ukiukosea kidogo kwa chini, unapaa na kudakwa kirahisi.

Na hata ukiugonga barabara, nyuma ya mrushaji kuna watu saba wanaolipwa kuuzuia. Kwa mipira inayogongwa ikabaki ndani ya uwanja, tukiziweka homrani kando, takriban mitatu kati ya kumi ndiyo huwa hiti. Mpigaji akishautoa mpira kwenye gongo hana tena la kufanya isipokuwa kukimbia.

Mbona kuna watu hufika .350 msimu mmoja, kisha hatuwasikii tena?

Kwa sababu msimu mmoja ni mfupi kuliko unavyoonekana. Katika zamu 500, tofauti ya .300 na .280 ni hiti kumi. Kumi tu, kwa miezi sita. Mipira kumi iliyopita upenyo wa kiganja kati ya walinzi wawili, au iliyodondoka mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Ukipiga hesabu za bahati kwa mtu ambaye uwezo wake halisi ni .300, utakuta ni jambo la kawaida kabisa kwake kumaliza msimu kwenye .280 au .320 bila yeye kubadilika chochote. Pointi ishirini juu au chini ni upepo tu. Zamu zikifika 7,000, upepo huo unabaki kama pointi tano. Ndiyo maana mimi husisimka na namba ya msimu, lakini huamini namba ya kazi nzima.

Basi ugumu wa kuulinda wastani wa kazi nzima uko wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na naomba mnivumilie niseme kwa kirefu.

Rekodi nyingi za michezo ni za kujumlisha. Mwenye homrani 500 hawezi kuamka kesho akawa na 480. Hiti 3,000 ni 3,000, hata mtu akae miaka mitano mingine akipiga hovyo. Wastani hauna hifadhi hiyo. Kila siku mchezaji anapokwenda kazini anaubeba wastani wake mzima na kuuweka rehani. Alichokichuma akiwa na miaka 25 kinaweza kuliwa na alichokikosa akiwa na miaka 38.

Chukua mpigaji mwenye zamu 7,000 na wastani wa .310, yaani hiti 2,170. Uzee unamfikia, anapiga .240 katika zamu 500. Sasa ana .305. Mwaka unaofuata tena .240: anashuka hadi .301. Mwaka wa tatu tena: .298. Misimu mitatu tu imemtoa chini ya mia tatu baada ya kazi ya miaka kumi na mitano. Wahenga walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Akitaka kupanda je? Tuseme badala ya huo mwaka wa kwanza mbaya anapiga .360, namba ya bingwa. Wastani wake utapanda kutoka .310 hadi .313. Pointi tatu kwa msimu wa ajabu. Na mtu wa miaka 37 anayepiga .240 yupo kila mahali, ilhali wa miaka 37 anayepiga .360 ni nadra kama mvua ya kaskazi.

Yaliyompata Mickey Mantle wa New York Yankees ni hayohayo. Alipomaliza msimu wa 1967 alikuwa na hiti 2,312 katika zamu 7,667, yaani .302. Magoti yake yalikuwa yameshakwisha. Akarudi kwa msimu mmoja zaidi, 1968, akapata hiti 103 katika zamu 435: .237. Akastaafu na .298. Mwaka ule uleule alipiga homrani 18 zilizoongeza jumla yake hadi 536, lakini kwa miaka mingi baadaye alieleza jinsi ilivyomuuma kuteremka chini ya mia tatu. Namwelewa. Homrani zile zilikuwa nyongeza, lakini kile kilichopungua kilikuwa chake tangu ujana.

Kwa nini wasistaafu mapema wakiwa juu?

Wachache hupata nafasi ya kuchagua. Kirby Puckett wa Twins hakuchagua: mwaka 1995 alipiga .314, na kabla ya msimu wa 1996 kuanza akaamka asubuhi moja jicho la kulia halioni. Glakoma. Alistaafu mwaka huohuo akiwa na miaka 36, na wastani wake ukabaki .318, haukuguswa na uzee hata siku moja. Watu huisema namba hiyo kwa fahari, lakini mimi kila nikiiona naikumbuka asubuhi ile.

Tony Oliva alipita njia ya pili. Mcuba huyu alikuwa bingwa wa upigaji mwaka 1964 akiwa mgeni kabisa kwenye ligi, akarudia 1965, na tena 1971 kwa .337. Katika msimu huohuo wa 1971 aliumia goti akiurukia mpira, na 1972 akacheza mechi kumi tu. Alivumilia hadi 1976, miaka ya mwisho akipiga tu bila kukaa ulinzini kwa sababu goti halikuweza. Akamaliza na .304. Angeacha mapema angekuwa na namba kubwa zaidi. Lakini alikuwa bado anaweza kupiga, timu ilikuwa bado inamtaka, na mtu hupenda kazi yake.

Na yupo Ted Williams wa Boston. Mwaka 1959 shingo ilimsumbua akapiga .254, mara pekee katika maisha yake kuwa chini ya .300. Angeishia pale hakuna ambaye angemlaumu. Akaomba apunguziwe mshahara, akarudi 1960 akiwa na miaka 41 akapiga .316, na zamu yake ya mwisho kabisa ilikuwa homrani. Wastani wake: .344.

Uzee hula nini kwanza?

Miguu. Watu hufikiri ni macho au mikono, na hivyo navyo huchoka, lakini hiti nyingi huamuliwa na hatua moja karibu na besi ya kwanza. Mpira unabingirika polepole, mlinzi anauokota na kuutupa, mkimbiaji anafika pamoja nao. Kijana anasalimika. Miaka kumi baadaye mpira uleule, mlinzi yuleyule, na mwamuzi ananyanyua ngumi: ametolewa.

Ichiro Suzuki aliishi kwa miguu hiyo. Alitoka Japani akiwa na miaka 27, na katika misimu yake kumi ya kwanza Marekani hakuna hata mmoja aliopata chini ya hiti 200 au chini ya .300. Mwaka 2004 alipata hiti 262, rekodi ya msimu mmoja. Mwishoni mwa 2010 wastani wake ulikuwa .331. Mwaka 2011 alipiga .272. Aliendelea hadi 2019, akavuka hiti 3,000, na wastani ukatua .311. Miaka hiyo ilimwongezea hiti na heshima huku ikimpunguzia pointi ishirini.

Mbona majina mengi makubwa ni ya wanaopiga kwa kushoto?

Ty Cobb, Ted Williams, Tony Gwynn, Rod Carew, Wade Boggs, Ichiro: wote. Anayepiga kwa kushoto husimama upande ulio karibu zaidi na besi ya kwanza, na gongo likishazunguka mwili wake tayari umeelekea huko. Pia warushaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mpira wao wa kupinda humjia wa kushoto badala ya kumkimbia. Rogers Hornsby alipiga kwa kulia na bado ana .358, hivyo si sharti.

Rod Carew aliwezaje?

Target Field, uwanja wa Twins, malango yake yana namba za wachezaji walioheshimiwa. Lango la 29 ni la Carew, na mimi hupenda kuingilia hapo hata foleni ikiwa ndefu.

Carew ni Mpanama, bingwa wa upigaji mara saba, na wastani wake ni .328 kwa misimu 19. Hakutegemea nguvu. Alikuwa akibadilisha namna ya kusimama kulingana na mrushaji, mara ameinama, mara amefungua mguu, gongo limelala karibu sambamba na ardhi. Mpira wa nje aliusukuma kushoto kwa uwanja, wa ndani akauvuta kulia. Na walinzi wakirudi nyuma, aliutega tu kwa gongo ukaanguka miguuni kama ndizi mbivu, akakimbia. Mwaka 1977 alipata hiti 239 katika zamu 616: .388.

Hata yeye hakukwepa. Kwa Twins alipiga .334; alipohamia timu ya Angels, kuanzia 1979 hadi 1985, alipiga .314. Hiyo .314 ingekuwa fahari ya mtu mwingine yeyote.

Nani anaongoza katika historia?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Ty Cobb wa Detroit, aliyecheza 1905 hadi 1928. Msimu wa kwanza alipiga .240, kisha misimu 23 mfululizo akawa juu ya .300, na ule wa mwisho, akiwa na miaka 41, alipiga .323. Ligi inamwandikia .367.

Mei 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi, ambao walifungiwa nje ya ligi kuu kwa rangi yao hadi 1947. Sasa anayeongoza ni Josh Gibson, mdakaji, kwa .372. Wapo wanaolalamika kwamba misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi na zamu zilizoandikwa ni chache. Ni kweli zilikuwa chache. Lakini Gibson hakuchagua ufupi huo, alifungiwa mlango. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuwa Mweusi wa kwanza kuuvuka mpaka ule. Nikiulizwa, jina lake liko mahali pake.

Je, kuna atakayepiga .400 tena kwa msimu?

Ukiziacha ligi za Weusi, wa mwisho ni Williams, 1941. Asubuhi ya siku ya mwisho alikuwa na hiti 179 katika zamu 448, yaani .39955, ambayo ingeandikwa .400. Kocha wake alimwambia akitaka apumzike. Akacheza mechi zote mbili za siku ile, Philadelphia, akapata hiti sita katika zamu nane na kumaliza na .406.

Tony Gwynn wa San Diego alifika .394 mwaka 1994, mgomo wa wachezaji ukakatisha msimu mwezi Agosti. George Brett alipata .390 mwaka 1980. Kwa hali ya sasa sioni.

Hali ya sasa ina nini?

Warushaji wana kasi kuliko zamani na wanabadilishwa mara nyingi, kwa hiyo mpigaji hakutani tena na mrushaji aliyechoka ambaye amemwona mara tatu siku hiyo. Wapigaji nao wanatafuta homrani, wanalizungusha gongo kwa nguvu zote na kukubali kukosa. Leo zaidi ya mmoja kati ya watano wanaokwenda kupiga hutoka kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu za kupiga zilizopotea, bila kuuingiza mpira uwanjani.

Hesabu yake ni kali. Ziache homrani. Katika zamu 500, anayetoka kwa straiki mara 50 anabaki na mipira 450 iliyogongwa. Tatu kati ya kumi ni hiti 135, wastani .270. Anayetoka mara 150 anabaki na 350, hiti 105, wastani .210.

Ligi hujaribu kurekebisha. Mwaka 1968 bingwa wa upigaji wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, Carl Yastrzemski, alishinda kwa .301 tu, na 1969 kilima cha mrushaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Mwaka 2023 walinzi walikatazwa kurundikana upande mmoja wa uwanja. Imesaidia kidogo.

Kuna yeyote anayepiga kizamani?

Luis Arraez wa Venezuela, aliyeanzia hapa kwetu. Alikuwa bingwa wa upigaji miaka mitatu mfululizo kwa timu tatu tofauti, akianza na .316 ya Twins mwaka 2022, kisha .354 akiwa Miami, na 2024 akamalizia San Diego kwa .314. Karibu kila mpira anaugusa. Mwaka 2025 bado aliugusa karibu kila mpira, ila akapiga .292. Mtu wa namna yake maisha yake yote yako mikononi mwa mipira inayodondoka au isiyodondoka.

Ni sawa na wastani wa kriketi?

Hesabu ni tofauti: kriketi hugawa mikimbio kwa idadi ya mara mpigaji alizotolewa. Lakini maumivu ni yaleyale. Don Bradman wa Australia, mwaka 1948, alihitaji mikimbio minne tu katika zamu yake ya mwisho ya Test, mechi za kimataifa za siku kadhaa, ili astaafu na wastani wa 100. Alitolewa kwa sifuri, akabaki na 99.94.

Kwa nini unamtaja Joe Mauer kila mara?

Kwa sababu ni mtoto wa St. Paul, ng'ambo tu ya mto, na kwa sababu alikuwa mdakaji. Mdakaji huchuchumaa mechi nzima, vidole na magoti yanapondwa, kisha anatakiwa apige. Mauer alikuwa bingwa wa upigaji mara tatu akiwa kwenye kazi hiyo: 2006, 2008, na 2009 kwa .365.

Agosti 2013 mpira uliochapwa pembeni na gongo ulimgonga kwenye barakoa akapata mtikisiko wa ubongo. Alikuwa na wastani wa .323 kwa kazi yake yote hadi hapo. Hakurudi tena kudaka. Akahamia besi ya kwanza, na katika misimu mitano iliyofuata alipiga .278. Kuna watu walimzomea miaka hiyo. Iliniuma, kwa sababu mtu alikuwa anapiga kwa kichwa kilichoumia, na bado alikuja kila siku.

Septemba 30, 2018, mechi yake ya mwisho, alipiga mpira kati ya walinzi wawili wa nyuma na kukimbia hadi besi ya pili. Hiyo ndiyo zamu yake ya mwisho. Kisha katika ingi ya tisa, yaani kipindi cha mwisho cha mechi, akatoka amevaa vifaa vya mdakaji, kwa mara ya kwanza tangu lile jeraha, akachuchumaa, akadaka mpira mmoja, akatoka nje uwanja mzima umesimama. Hiti 2,123 katika zamu 6,930. Hiti ile ya mwisho haikusogeza chochote: kabla yake alikuwa na .306, na baada yake .306.